Sikio la Mkuu na Wimbo wa Watu

Kila mtu amezaliwa na sikio lake, na kwa sikio hilo huchagua wimbo unaompendeza kama ulimi unavyochagua chakula. Mmoja hupenda zumari, mwingine gitaa. Mmoja huona raha katika kwaya ya kanisani, mwingine katika ngoma ya mavuno. Hapana sheria iwezayo kumlazimisha mtu aone utamu mahali ambapo nafsi yake yaona uchungu. Mkuu wa nchi ni mtu kama wengine, na haki hii anayo. Akipenda kusikiliza rumba usiku kucha nyumbani mwake, na asikilize. Akiichukia, na afunge dirisha. Mpaka hapo hatuna ugomvi naye.

Ugomvi wetu waanza pale sikio la mkuu linapotoka nyumbani mwake likaenda kukaa shuleni, redioni na kiwanjani, likawa kipimo cha kusema wimbo huu ni mzuri na ule ni mbaya, huyu ni mwimbaji na yule ni mchochezi. Nasema kwamba mahali hapo mkuu amevuka mpaka wake. Tena nasema jambo ambalo aghalabu huachwa: wanaomvusha mpaka huo ni sisi. Waalimu wa kwaya, wanafunzi, machifu, watangazaji na waimbaji ndio wanaompelekea mkuu wimbo uliokatwa kwa kipimo cha sikio lake, hata kabla hajauomba.

Nitaanza Loitokitok, kwa kuwa wenyeji wake wana desturi ya zamani itakayotusaidia kutoa hukumu katika kesi hii.

Loitokitok ni mji mdogo ulioko upande wa kaskazini wa mlima Kilimanjaro, katika Kaunti ya Kajiado, karibu sana na mpaka wa Tanzania. Husemwa kwamba jina lake latokana na chemchemi ibubujikayo. Muziki usikikao hapa ni wa namna nyingi kupita ukubwa wa mji wenyewe. Ziko nyimbo za Wamaasai, kwaya za makanisa, nyimbo za Wakikuyu na Wakamba, nyimbo za Wachaga wanaovuka kutoka Tarakea, na muziki wa vijana wa Dar es Salaam na Nairobi unaotoka katika magari ya abiria. Siku ya soko zote hukutana, na mtu huchukua atakayo akaacha asiyoitaka, kama achaguavyo viazi na maharagwe.

Wamaasai wana maneno mawili ambayo kila mwanafunzi wa mambo ya utawala angefaa ayajue. La kwanza ni olaiguenani, yaani kiongozi na msemaji wa rika. Huyu huchaguliwa kwa busara na mwenendo, hunena barazani kwa niaba ya wenzake, husuluhisha magomvi, na hushika rungu la cheo chake. La pili ni olaranyani, yaani mwanzishaji wa wimbo. Wamaasai aghalabu huimba bila ngoma wala zeze. Ala zao ni koo, pumzi na miguu, isipokuwa pembe ya tandala ipigwayo katika sherehe ya eunoto, wakati morani wanapokaribia kuingia utu uzima. Olaranyani hutoa sauti na kusema maneno. Kundi humwitikia kwa mngurumo wa koo, mmoja na wa pamoja, nao mngurumo huo ndio sakafu anayosimama juu yake. Anashika kazi hiyo kwa sababu ana sauti na anaujua wimbo. Wimbo mwingine ukianza na yuko aujuaye zaidi, huyo ndiye atakayeongoza.

Tazama basi: kazi mbili, na majina mawili. Olaiguenani akiingia katika duara la waimbaji, rungu lake halimfanyi kuwa olaranyani. Huitikia pamoja na wenzake, na heshima yake haipungui hata chembe. Akiwa amejaliwa sauti nzuri, naye ataongoza, lakini ataongoza kwa sauti. Watu hawa, ambao wageni wengi huja kuwapiga picha tu, walikwisha tenganisha uongozi wa maneno ya baraza na uongozi wa wimbo zamani sana, kabla ya kuwako katiba yoyote iliyoandikwa katika nchi hii.

Sisemi kwamba Wamaasai hawasifu. Husifu sana. Husifu ng'ombe, husifu morani, husifu mashujaa wa vita vya kale, na katika sifa hizo chumvi haikosekani. Lakini asifiwaye yuko mbele ya watu wanaomjua tangu utoto wake. Wakiona sifa zimezidi kitendo, mwitikio utalegea, na olaranyani ataachwa akining'inia peke yake.

Sasa twende kiwanjani siku ya sikukuu ya taifa, au siku mwanasiasa mkubwa anapopita katika barabara itokayo Emali kuja Kimana mpaka Loitokitok. Mambo nitakayoyaeleza si ya kiwanja kimoja. Kila aliyesoma shule katika nchi hii ameyaona. Akina mama wamevaa shanga zao tangu asubuhi, na jua limekwisha panda. Kwaya ya shule imesimama katika mstari, sare imepigwa pasi, na mgeni hajafika. Wiki nzima wamefanya mazoezi ya wimbo wenye pengo katikati, mfano wa fomu ya serikali yenye mstari mtupu: hapo hutiwa jina la mgeni. Akibadilika mgeni, hubadilishwa jina, na wimbo huendelea kama kwamba hapana lililotokea. Mbunge aliyeshindwa mwaka huu alisifiwa kwa sauti hiyo hiyo mwaka jana. Morani nao wameambiwa waruke gari litakapoonekana. Wataruka, wimbo wao utaanza kupanda, na kabla haujafika kileleni mgeni atakuwa ameketi. Mshereheshaji atashika kipaza sauti na kuwashukuru. Wimbo ambao kwa desturi ungechukua muda mrefu umepewa dakika mbili, na sehemu yake iliyo bora haikusikiwa na mtu.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Kweli mgeni hutoa pesa, na akina mama huzipokea, nami siwalaumu kwa kuzipokea, maana unga haununuliwi kwa shanga. Lakini nauliza: ametunza nini? Hakutunza sauti, kwa kuwa hakuisikiliza. Hakutunza utunzi, kwa kuwa ni wa kila mtu na wa yeyote. Ametunza jina lake mwenyewe, lililorudishwa kwake likiwa limevikwa shanga.

Desturi hii haikuanguka kutoka mbinguni. Mwezi wa Septemba mwaka 1984 Rais Daniel arap Moi, aliporudi kutoka Addis Ababa, aliwataka mawaziri, mawaziri wadogo na watu wote waimbe kama kasuku. Alieleza kwamba katika enzi ya Mzee Kenyatta yeye mwenyewe aliimba wimbo wa Kenyatta peke yake, na kwamba sasa ilikuwa zamu ya wengine kuimba wimbo wake; akiweka kituo, nao waweke kituo. Yamkini alisema kwa mfano. Walakini waalimu wa kwaya walikwisha ufahamu mfano huo neno kwa neno. Katika miaka ile kila sikukuu ilikuwa na kwaya zake, na kila kwaya ilikuwa na sifa zake, na Sauti ya Kenya ilizirusha nyimbo hizo mpaka watoto wasiojua kusoma wakawa wanazijua kwa moyo.

Tuwe waadilifu. Moi hakuwa mtu asiye na sikio. Aliipenda kwaya kwa dhati, na mapenzi yake yalizaa mambo yasiyo ya kudharauliwa. Aliunda tume ya muziki chini ya Washington Omondi, msomi wa muziki, ambayo ilitoa taarifa yake mwaka 1984; na mwaka 1988 ikaanzishwa Tume ya Kudumu ya Rais ya Muziki. Kwaya ya Taifa ya Muungano, chini ya Boniface Mganga, ilifika katika majukwaa ya ng'ambo na mwaka 1990 ikatoa sahani ya Missa Luba ambayo wapenda muziki wanaisikiliza mpaka leo. Mganga mwenyewe alikuja kuwa Mbunge wa Voi. Hapana haja ya kuficha haya ili hoja yetu ipate nguvu.

Lakini chukua wimbo wa Thomas Wasonga uitwao “Tawala Kenya”. Aliyesoma shule ya msingi katika miaka ya 1980 ataweza kukuimbia. Sauti zake zapanda na kushuka kwa ustadi, na mwitikio wake wakaa kichwani kama mwiba wa mgunga katika kiatu. Ni kazi ya mtu aliyejua kazi. Leo uko wapi? Huimbwa kwa kumbukumbu au kwa kicheko. Kwaya ya shule haiwezi kuusimamisha mbele ya watu bila kuulizwa una maana gani. Utamu wake ulifungwa katika jina la mtu mmoja, na enzi ya mtu huyo ilipokwisha mwaka 2002 utamu ukawa hauna mahali pa kukaa. Hii ndiyo hasara ninayoililia. Wimbo mbaya wa kusifu ukifa, hatukupoteza kitu. Wimbo mzuri ukifa kwa sababu hiyo, tumezika kisima chenye maji.

Hesabu pia muda. Kwaya ya shule hupata muhula mmoja au miwili ya mazoezi katika mwaka. Wimbo wa kumsifu mkuu ukichukua nafasi, kuna wimbo mwingine haukuimbwa: wimbo wa nyanya yako wa kusaga mtama, wimbo wa akina mama wa Kimaasai wa kumwomba Enkai mvua na watoto, au wimbo mpya ambao mwanafunzi wa kidato cha pili angeutunga juu ya kisima kilichokauka. Hizi hazikupigwa marufuku na mtu. Zilikosa nafasi tu, na kukosa nafasi kwa miaka ishirini na minne ni marufuku tosha.

Wala sikio la watu halikukubali kufungwa. Katika mwaka 1990, redio ilipokuwa ikiimba sifa, watu wa Nairobi walikuwa wakinunua kaseti zenye nyimbo za malalamiko, hata polisi wakawakamata wauzaji. Joseph Kamaru, mwimbaji mkubwa wa Kikikuyu, alikwisha onja pande zote mbili. Wimbo wake juu ya kuuawa kwa J. M. Kariuki mwaka 1975 ulizuiwa redioni. Mwaka 1980 alifuatana na Rais Moi katika safari ya Japani na akaiimba safari hiyo. Miaka ya mwisho wa muongo ule, alipoanza kuimba habari za vyama vingi, urafiki ukapoa. Sauti ilikuwa moja, na gitaa lilikuwa moja. Kilichobadilika ni faida ya mwenye kusikiliza. Kisha mwaka 2002 umati ukachukua wimbo wa kanisani, ule uliozoeleka wa kusema kwamba imani huwezesha yote, wakaugeuza neno wakamwimbia Moi aende zake. Wakauimba tena siku ya kuapishwa kwa Mwai Kibaki, naye Moi yuko pale jukwaani akisikia. Miaka yote ile aliyoimbiwa, nadhani huo ndio wimbo wa kwanza alioimbiwa ambao haukufanyiwa mazoezi kwa ajili yake.

Linganisha na wimbo wetu wa taifa. Mwaka 1963, nchi ikikaribia uhuru, kazi hiyo walipewa watu watano wajuao muziki: Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na huyo huyo Washington Omondi. Hawakwenda kutafuta sauti katika nyumba ya mkuu. Waliichukua katika wimbo wa Wapokomo wa mto Tana, wimbo ambao mama humbembelezea mtoto alale. Watu wenyewe ni wachache, na wimbo ulikuwa wa uani. Lakini wajuzi waliusikia wakasema huu unatosha kubeba nchi. Wakubwa wa serikali waliusikiliza wakaukubali. Wakaandika maneno yasiyo na jina la mtu yeyote. Marais wanne wamekwisha uimba na kuondoka, wa tano anauimba sasa, na hapana aliyelazimika kuubadilisha hata silabi moja ili umfae.

Najua kuna jibu litakalotolewa, nalo ni jibu lenye uzito. Watu watasema: bila wakuu wenye kupenda muziki, muziki mwingine usingekuwako. Na watatuonyesha Unguja. Kweli, twaambiwa kwamba Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 mpaka 1888, alipenda muziki wa Misri hata akamtuma Mohamed Ibrahim aende huko kujifunza kupiga kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi ilazwayo mapajani. Kutokana na sikio la Sultani huyo taarab ikapata mbegu yake, na mwaka 1905 kikaundwa chama cha Ikhwani Safaa. Hapa ninakubali pasipo kusita: mkuu alitoa mali yake akaleta kitu kizuri.

Lakini fuata mbegu ile uone ilikoota. Katika jumba la Sultani ilikaa kama ua ndani ya chungu, ikiimbwa kwa Kiarabu kwa ajili ya wachache. Iliyoifanya kuwa mti ni sauti ya Siti binti Saad, mwanamke aliyezaliwa Fumba, aliyekuja mjini akikaa Ng'ambo miongoni mwa watu wa kawaida. Siti aliiimba kwa Kiswahili. Mwaka 1928 akasafiri mpaka Bombay kutia nyimbo katika santuri. Na Shaaban Robert akaona maisha yake yafaa kuandikiwa kitabu. Yeye na wenzake waliimba mapenzi na dini, lakini waliimba pia mambo ya mahakama na dhuluma ya wenye nguvu, kama katika wimbo wa “Kijiti”, unaosimulia habari ya mwanamke mgeni aliyeuawa na hukumu iliyowachoma watu wa mjini. Hapana Sultani ambaye angeagiza wimbo huo. Kwa hiyo mfano wa Unguja, tukiusoma mpaka ukurasa wa mwisho, wasimama upande wetu: mkuu aweza kununua ala, lakini hawezi kuziamuru zitakalosema, na zilipoanza kusema kweli zilikuwa zimekwisha toka mikononi mwake.

Mfano wa Tanganyika ni mgumu zaidi, kwa sababu mkuu wake alikuwa mtu wa nia njema. Julius Nyerere, katika hotuba yake ya Desemba 1962 alipoingia kuwa Rais wa Jamhuri, alisikitika kwamba wasomi wengi walijua kucheza rumba na chacha na dansi za Kizungu, lakini hawakuwahi hata kusikia gombe sugu au mangala. Akaunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana. Nani awezaye kumlaumu? Alikuwa akiondoa aibu iliyopandwa na wakoloni katika vifua vya watu. Walakini wasaidizi wa mkuu hawaigi mapenzi yake kwa kiasi, huyazidisha. Mwaka 1969 muziki wa soul wa Wamarekani weusi ulipigwa marufuku mjini Dar es Salaam, na mwaka 1973 muziki wa kigeni ukaondolewa katika redio. Bendi za nyumbani zilipata nafasi kubwa, na hiyo ni faida ambayo mpenda dansi yeyote ataikiri. Lakini bendi nyingi zilikuwa mali ya vyombo vya umma: NUTA Jazz ya chama cha wafanyakazi, Vijana Jazz ya vijana wa TANU, na nyingine za polisi na jeshi. Mpigaji hakumiliki hata gitaa lake. Na gitaa lenyewe, niliseme kwa kupita, lilikuwa la kigeni kama soul ilivyokuwa.

Hatari ya desturi hiyo ilionekana wazi miaka mingi baadaye. Remmy Ongala, aliyetoka Kongo akaja Dar es Salaam mwaka 1978 akawa Mswahili kuliko wengi, alitunga wimbo “Mambo kwa Soksi” wa kuwahimiza watu wajikinge na UKIMWI kwa mipira. Redio ya taifa iliukataa kwa kuona kwamba haufai kusikiwa. Watu walikuwa wakifa. Wimbo ulikuwa na dawa ndani yake, mwimbaji alikuwa mpenzi wa maskini na maskini walikuwa wakimsikiliza, lakini sikio la wenye madaraka liliona haya. Wimbo ulienea kwa kaseti na katika madansi bila ruhusa yao. Sijui mfano ulio wazi kuliko huu wa kuonyesha kwamba hukumu ya muziki ikiachwa kwa wenye vyeo yaweza kugharimu zaidi ya burudani.

Kwingineko nitapita upesi. Katika Buganda kulikuwa na Entenga, ngoma kumi na tano, nyingi kati yake zikiwa zimelinganishwa sauti, zilizopigwa katika jumba la Kabaka na kwa ajili yake. Majeshi ya Obote yaliposhambulia Lubiri mwezi wa Mei 1966, Kabaka alikimbia na Entenga ikanyamaza. Sanaa ya karne nyingi ilikuwa na msikilizaji mmoja, naye ameondoka. Kongo, Mobutu alimtia Franco kifungoni mwaka 1978 kwa nyimbo chafu, na mwaka 1984 Franco huyo huyo akatoa wimbo mrefu wa kuwaambia watu kwamba mgombea wao ni Mobutu. Idi Amin naye alipenda kupiga akodioni, na alipigwa picha za sinema akiipiga. Katika mabaya yote ya mtu yule, akodioni ndiyo kitu pekee kisichomdhuru mtu.

Huenda msomaji akasema mambo haya ni ya wazee, na kwamba wakuu wa siku hizi hawamlazimishi mtu. Ni kweli kwamba mtindo umebadilika. Zamani mkuu alitaka tuimbe wimbo wake. Siku hizi yeye ndiye anayeimba wetu. Mwaka 2010 Rais Yoweri Museveni wa Uganda, mwenye miaka sitini na sita, alichukua mashairi ya kwao Nkore akayasema juu ya midundo ya rap, na vijana wakayacheza katika kampeni ya mwaka uliofuata. Wengi walisema, mzee huyu anatupenda. Lakini mwaka 2017 mwimbaji Bobi Wine, mtoto wa mtaa wa Kamwokya, alipoingia Bungeni, maonyesho yake ya muziki yakaanza kuzuiwa na polisi. Sikio lililopenda muziki wa vijana halikupenda kijana mwenye muziki.

Kenya nayo, katika uchaguzi wa 2022, kila kambi ilijinunulia wimbo. Upande wa Raila Odinga ulipita na “Leo ni Leo” wa Emmanuel Musindi. Upande wa William Ruto ulichukua “Sipangwingwi”, neno la sheng lenye maana kwamba mimi sipangiwi na mtu. Hata tume ya uwiano ikalitia neno hilo na ndugu zake katika orodha ya maneno ya kuchunga. Nilistaajabu sana. Umati uliambiwa useme kwamba haupangiwi, nao ulisema hivyo kwa wakati uliopangwa, kutoka kwenye lori lililopangwa, kwa ishara ya mtu aliyelipwa kuupanga. Yule mgeni wa kiwanjani aliyengoja jina lake litiwe katika pengo la wimbo alikuwa mwaminifu zaidi. Tulijua anachokitaka. Huyu wa leo anachukua sauti ya kijana, anaivaa kama koti la kuazima, na kijana akimwona amelivaa hudhani ni ndugu yake.

Na koti hilo hurudishwa likiwa limechakaa. Mwezi wa Juni 2024 vijana waliojaa barabarani kuupinga Muswada wa Fedha walikuwa na wimbo wao, “Anguka Nayo” wa Wadagliz, wimbo wa dansi ambao haukutungwa kwa siasa na ambao hakuna mwanasiasa aliyeulipia. Na mwezi wa Aprili 2025 wasichana wa shule ya Butere, walioletwa Nakuru kuonyesha mchezo ambao wakubwa hawakuupenda, huku polisi wakitupa mabomu ya machozi nje, waliingia jukwaani wakaimba wimbo wa taifa, wakatoka bila kuigiza. Walikuwa wanafunzi kama ninyi mnaosoma hapa. Katika nyimbo zote walizowahi kufundishwa walichagua ule usio na jina la mtu, na sauti ya Wapokomo ikawatosha.

Kwa hiyo nina ombi kwa waalimu wa kwaya wa Loitokitok, Kimana, Rombo na popote pengine. Mgeni akija, mwimbieni. Ukarimu ni desturi yetu, na kumnyima mgeni wimbo ni ufidhuli. Lakini mwimbieni wimbo uliokuwako kabla hajazaliwa, au mpya mliotunga kwa sababu ya jambo lililowagusa ninyi. Zibeni lile pengo la jina kwa neno lenye maana. Na mshereheshaji aambiwe mapema kwamba wimbo una mwisho wake, naye aungoje. Wanafunzi nao wakipewa ubeti wasiouamini, wana ulimi wa kuuliza kwa adabu kwa nini wauimbe. Mwalimu atakayeshindwa kuwajibu atakuwa amejibu.

Morani nao waachwe waimbe mpaka wimbo upande wenyewe na kushuka wenyewe. Mgeni akichoka kuketi, na ashuke jukwaani aingie katika duara, aache kofia yake na walinzi wake nje, aitikie kwa koo kama wengine. Olaranyani atampa ishara ya mahali pa kuingilia.